Harufu Iliyojaa Kichochoroni

"Mama, umeyasahau maji tena! Tena!"

"Usinipigie kelele, Wajdi! Mimi si mwenzako!"

"Lakini yamechemka! Gusa uone!"

Mama hakugusa. Alisimama katikati ya ua, uso mwekundu, jasho linamchuruzika shingoni, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. Kila majira ya machipuko sisi wa Nabeul, huku Tunisia, tunakeneka maua ya midanzi. Maua yanachemka kwenye sufuria ya shaba, mvuke unapanda, unagusa bakuli la maji baridi juu, unageuka matone. Tone, tone, mpaka chupa inajaa. Maji ya juu yakipata moto unayabadilisha. Usipobadilisha, mvuke unakwenda zake.

Na ulikuwa umekwenda kweli. Nilipokuwa narudi na mkate, kichochoro kizima kilinukia. Watu walitembea polepole kama wamo ndotoni, wanavuta pumzi, wanatabasamu. Hawakujua wanavuta maji yetu ya mwaka mzima, ya keki, ya kahawa, ya kichwa kikiuma.

"Juzi ulisahau funguo," nikasema. "Jana ukasahau jina langu. Unataka kuwa kama bibi?"

Nilijuta papo hapo. Bibi alikufa hamjui mtu yeyote.

Mama akaketi, akafunika uso kwa mtandio. "Labda ndiyo hivyo," akasema kwa sauti ndogo. "Basi, mtambo huu wa kukenekea nauuza."

"Huuzi kitu, Salwa!" Mama Mdogo Beya alikuwa ameshaingia. Yeye ni mdogo wake mama, mkunga wa kliniki ya mtaani. "Usiku unalala?"

"Naamka nimelowa jasho. Mara tatu, nne."

"Na hedhi?"

Mama akanitupia jicho.

"Mwache asikie. Kupiga kelele si anajua?" Akanigeukia. "Wajdi, mwilini kuna homoni, kama wajumbe wanaopeleka habari. Mwanamke akikaribia miaka hamsini, hedhi inaelekea kukoma. Homoni fulani zinapanda na kushuka ovyo, mwishowe zinapungua, na ubongo ulishazizoea. Ndiyo maana joto linampanda ghafla, usingizi unakatika, hasira iko karibu, na majina yanampotea. Huo si wazimu. Kwa wengi hutulia. Ila kesho daktari amwone, tuwe na hakika. Msaada upo."

"Kwa hiyo hatanisahau?"

"Wewe? Na mdomo huo?"

Mama akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

"Nisamehe, Mama," nikasema.

"Nilikusamehe kabla hujamaliza kufoka. Haya, lete kile kikapu kingine, maua yasije yakanyauka."

Mama Mdogo akampeleka ndani akalale. Mimi nikabaki na moto. Niliweka kidole kwenye bakuli, maji yakipata uvuguvugu namwaga, nateka mengine. Petali nyeupe za mdanzi wa uani zilidondoka mabegani mwangu, na sikujua kama saa zinakwenda au zimesimama. Safari hii harufu haikutoka nje. Iliingia chupani, tone kwa tone.

"Unaona?" Mama Mdogo akasema aliporudi uani. "Maji yakipata moto huyafokei, unayabadilisha. Mtu wako naye akibadilika, muulize kwanza ana nini."

Chupa ya kwanza ndiyo kali kuliko zote. Niliipeleka chumbani, nikaiweka karibu na mto wa Mama.

"Wajdi," akasema, amefumba macho.

Jina langu, na hakulitafuta.

Nikatoka, nikafunga mlango polepole.