Matundu ya Sanduku la Mayai

Nyumba ile ilikuwa na kelele mbili: msumeno wa baba, seremala, na cherehani ya mama, mshonaji. Siku hiyo zote zilinyamaza. Wenyewe walikuwa wamenuniana.

Seremala alikuwa amemtengenezea mkewe sanduku la kutotolea vifaranga, lenye taa ndani na matundu pembeni. Mayai ya kwanza ya kuku wao, Malkia, yakafia humo yote. Kisha mwewe akambeba Malkia mwenyewe. Yalibaki mayai yake sita ya mwisho, nayo yalikuwa na siku chache tu sandukuni.

"Taa yako ndiyo mbaya," alisema mke.

"Mkono wako! Kila saa unafungua."

Ikabidi aitwe mdogo wake mama, daktari wa mifugo. Alijifunika shuka apate giza, akamulika yai kwa tochi. Ndani palikuwa na nukta nyekundu inayodunda.

"Huo ni moyo, dada. Ulianza kama mrija, ukajikunja, sasa unaanza kugawanyika vyumba."

"Vingapi?"

"Vinne, kama wetu. Samaki ana viwili, chura vitatu. Wote huanza na mrija, maana asili yetu ya kale ni moja. Vizazi na vizazi vimepita, kila mnyama akabaki na moyo unaomfaa. Kuku ana mwili wa moto, anatumia hewa nyingi. Vyumba vinne hutenga damu yenye hewa na isiyo nayo."

"Kumbe ramani ya moyo kifaranga anayo tangu yaini!" alisema seremala.

"Anayo, shemeji. Lakini ramani bila mbao?"

"Hakuna nyumba."

"Basi mbao zake ni hewa na joto la kiasi. Hewa ikipungua, moyo hujengeka vibaya, kifaranga hufa." Akapapasa ubavu wa sanduku. "Mbona matundu yana vitambaa?"

Mama aliinamisha kichwa. "Niliogopa watapigwa na baridi."

"Mke wangu, umetia viraka hadi sanduku langu!"

Wakacheka mpaka machozi. Mama akavichomoa vitambaa mwenyewe, kimoja kimoja. Wakaweka kipimajoto, na kibakuli cha maji ya kuleta unyevu.

Zilipotimia wiki tatu, asubuhi moja sanduku likaanza kulia, piyo, piyo. Vifaranga vitano! Mama alijawa na furaha. Alikiweka kimoja sikioni, akasikiliza.

"Baba watoto, njoo usikie! Vyumba vyote vinne, wapangaji wamehamia!"