Saa Mbili Nilizoandika Bila Kuziona

Nina miaka thelathini na moja, sijaolewa, na gauni langu la harusi bado liko kwa fundi, mtaa wa Kinoru. Acheni niwaeleze kwa nini...

Mimi na Mwenda, mchumba wangu, tulikuwa wanafunzi wa fizikia hapa Meru. Tulisaidia utafiti wa nyutroni uliofanyika ng'ambo, tukiusimamia kwa kompyuta kutoka chumba kidogo mtaani Kaaga. Nyutroni ikivunjika hurusha elektroni. Ukizielekeza nyutroni zote upande mmoja, elektroni nyingi zaidi hutokea upande wa pili. Kazi ilikuwa kupima tofauti hiyo, kuzigeuza nyutroni, kisha kupima tena. Sisi tuliandika, kila nusu saa, kipimo cha umeme wa koili inayozigeuza.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mwenda. Mamake aliugua ghafla kwao kijijini Kanja, Mwenda akaniachia kiti.

"Kendi, usitoke hapo, please. Jina kwa hiyo rekodi ni yangu."

Fundi akapiga simu, gauni liko tayari kujaribiwa. Nikaenda! Niliporudi saa mbili zilikuwa zimepita. Nikanakili kipimo cha mwisho mara nne. Nani angejua?

Wiki iliyofuata profesa wetu alituita. Kwa saa mbili zile, elektroni hazikubadili upande hata kidogo. Koili ilikuwa imezimika, nyutroni hazikugeuka, na vipimo vilivyoandikwa vilikuwa vya uongo. Aliyeandika ni nani? Jina lilikuwa la Mwenda.

Mwenda alinitazama... akangoja. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Ni mimi, Prof," akasema. Akafukuzwa papo hapo.

Tangu hapo niliogopa kila simu na kila hodi. Niliogopa kufukuzwa, lakini macho ya Mwenda niliyaogopa zaidi. Siku ya tisa nilishindwa kuvumilia. Nilimwandikia profesa ukweli wote, kisha nikaenda Kanja. Nilimkuta Mwenda shambani akichuma majani chai. Nikamwambia nimeshasema, huku nikilia.

Hakukasirika. Afadhali angenikasirikia!

"Hizo masaa mbili ningekusamehe, Kendi. Lakini siku tisa?"

Akarudi kuchuma.

Yeye alirudishwa, mimi nikaondolewa. Fundi hunipigia nikachukue gauni. Sipokei.

Ndugu zangu, mkikosea, nawasihi, semeni siku hiyo hiyo, mtu angali anawangoja. Mimi nilingojwa mbele ya macho yangu, nikanyamaza.