Alichokiona Leodgar Nyuma ya Mwamba

Ilikuwa kazi ya dakika kumi tu. Leodgar ashuke, apandishe pipa la samaki mita tano, kisha naye apande. Samaki wa rangi hawatolewi kilindini kwa mara moja. Wakivutwa haraka matumbo huvimba, wakafa. Kwa hiyo kila jioni pipa lilisogezwa juu kidogo, na asubuhi kidogo tena, mpaka wafike wakiwa hai, wapelekwe Ulaya kufugwa kwenye matangi ya vioo.

Hiyo ilikuwa Septemba 1976, siku ya tatu ya safari ya siku sita. Boti ilikuwa imetoka Karema, ikienda kisiwa hadi kisiwa, mwamba hadi mwamba, na kulala hapo hapo ziwani. Ndani walikuwa watu watatu. Nahodha alikuwa mzee Nathanael, Mbende wa Ikola. Mzamiaji alikuwa Leodgar, aliyejifunzia kazi hiyo Kigoma. Wa tatu alikuwa Gelasius, Mpimbwe wa upande wa Mamba. Yeye alijaza hewa kwenye mitungi na kushika kamba.

Leodgar alikuwa shemeji yake. Alimwoa Romana, mdogo wake Gelasius. Miaka miwili nyuma Romana aliamka mzima, akaenda kupalilia mpunga, na jioni akawa maiti. Watu walinong'ona msibani kwamba yule hakufa, amechukuliwa msukule akawatumikie wachawi, na kilicholala sandukuni ni kivuli tu. Wakamzika hivyo hivyo. Baada ya miezi michache kila mtu akahamishiwa kijiji kipya, na kaburi likabaki peke yake kwenye mahame.

“Shemeji, si ungengoja kesho?” Gelasius alimwuliza. Jua lilikuwa limegusa milima ya Zaire.

“Nisipowapandisha leo watakufa wote.”

Leodgar akavaa miwani ya maji, akauma mpira wa hewa, akadumbukia. Kamba ikakimbia mikononi mwa Gelasius, kisha ikatulia. Walikuwa na lugha yao ya kamba. Kuvuta mara moja: niko salama. Mara tatu: nivute.

Ikavutwa mara moja.

Dakika kumi zikapita. Ishirini. Mapovu yaliyokuwa yakichemka ubavuni mwa boti yakapungua... yakakoma.

Kamba ikavutwa tena. Mara moja.

Gelasius akainama kutazama majini. Mtungi ule ulikuwa na hewa nusu. Yeye ndiye aliyeupima. Ilipotimia saa nzima, akaanza kuvuta kwa nguvu zake zote. Kamba haikuja. Ilikuwa kama imefungwa kwenye jiwe. Kisha, taratibu, kama mtoto anavyovuta nguo ya mama yake...

Mara moja.

“Mzee! Hewa imemwishia!”

Mzee Nathanael alikuwa amekaa kwenye injini, ameyapa maji mgongo. Hakugeuka.

Tok. Tok.

Sauti ilitoka upande wa pili wa boti. Leodgar alikuwa ameshika ukingo, kichwa wazi, akigonga ubao kwa kucha. Gelasius akamvuta ndani. Mwili ulikuwa wa baridi na utelezi, ukinuka tope la chini kabisa, lile ambalo halijawahi kuona jua. Akawasha kurunzi, akamulika kipimo cha mtungi.

Mshale ulikuwa pale pale ulipokuwa wakati anashuka.

“Umekuwa ukivuta hewa gani huko chini?” akanong'ona.

“Nimemwona Romana.”

Gelasius alidhani amesikia vibaya.

“Nyuma ya mwamba kuna uwanja, shemeji. Wako wengi. Wanatwanga. Hakuna anayeongea, wanatwanga tu... Mmoja akageuka. Nikamjua.” Alikuwa anatabasamu. “Anasema mmoja akibaki, mmoja anaruhusiwa kupanda. Nina mtoto hana mama. Lusia ana miaka mitatu.”

“Ana baba.”

“Mtoto wa kike ana haja na mama yake.”

Hapo mzee Nathanael akafungua mdomo. “Hapa kila mtu humwona wake,” alisema, macho kwenye injini. “Mimi nilimwona baba yangu. Kaka akashuka kumfuata. Hakupanda baba, hakupanda kaka. Niliwaambia nyie msizame jioni, mkanicheka. Kukipambazuka tunang'oa nanga.”

Leodgar hakula. Hakulala. Nguo zake hazikukauka, ingawa upepo ulivuma mpaka alfajiri.

Kulipopambazuka alikuwa ameshavaa kiunoni mkanda wa risasi, ule uzito wa kumzamisha, amekaa ukingoni, anangoja mtungi. Mzee akaenda kuvuta nanga.

Gelasius angeweza kukataa. Kujaza hewa ilikuwa kazi yake yeye, na bila hewa hakuna mtu wa kushuka. Akamtazama shemeji yake. Akamkumbuka mdogo wake alivyokuwa akicheka huku amefunika meno kwa kiganja. Miaka miwili alikuwa akijiuliza kama walimzika mtu au kivuli. Na sasa alikuwa hapa, mita thelathini chini ya miguu yake.

“Mzee, ngoja kwanza,” akasema.

Akaujaza mtungi. Akamfunga Leodgar kamba kwa mikono yake mwenyewe. Jambo hilo hakumwambia padre, wala hakumwambia mama yake.

Leodgar akashuka. Mapovu yakapanda, mengi, meupe.

Ikavutwa mara moja.

Kimya.

Kisha mara tatu!

Gelasius akavuta. Mzigo ulikuwa mzito, lakini ulikuja. Mita ishirini... kumi... tano. Maji yalikuwa maangavu kama kioo, na ndani yake aliona nywele kwanza. Nywele za kusuka. Kisha paji la uso. Kisha macho.

“Kaka...”

Gelasius akainama juu ya maji. “Romana!”

“Kaka Gela, nivute.”

Akavuta huku machozi yakimtoka. Kichwa kikatokeza juu ya maji, ubavuni mwa boti. Alikuwa yeye. Kovu lake la utotoni, kwenye unyusi, lilikuwepo. Gelasius akanyoosha mkono amshike, na mzee Nathanael akamkamata shingoni kwa nyuma.

“Mtazame mdomo! Anaongea na mdomo haufunguki!”

“Kaka, nivute.”

Midomo ilikuwa imebana. Sauti ilitoka chini ya boti. Ilitoka kwenye kamba. Macho yale hayakupepesa hata maji yalipopita juu yake.

“Kata!” Mzee akamtia panga mkononi. “Kata, kijana, au tunakwenda wote!”

Gelasius akaikata kamba.

Kile kitu kikazama taratibu, uso juu. Kilipofika chini kidogo kikajipindua, na mwanga wa asubuhi ukakipiga. Miwani ya maji. Mpira wa hewa mdomoni. Mkono ulionyooshwa juu, vidole vimetanuka. Leodgar. Mapovu yalikuwa yakimtoka kwa wingi.

Alikuwa anapumua.

Walizunguka mwamba ule mpaka mchana. Mapovu yakakoma yote, na hakuna kilichoelea. Huko Karema iliandikwa kwamba mzamiaji amezama, na siku ya pili mzee Nathanael aliondoka kwenda kwao bila kuaga.

Gelasius alirudi Mamba, akamweleza mama yake, Verdiana, nusu ya habari. Hakusema nani alishika panga. Mama alisikiliza, kisha juu ya kaburi la Romana akasema neno moja tu: lifukuliwe.

Wakaenda mahame, mama, katekista na wanaume wanne wenye majembe. Mvua haikuwa imegusa nchi ile tangu Aprili. Udongo ulikuwa mgumu kama tofali, ukitoa vumbi mpaka chini. Ubao wa sanduku ulipoondolewa ilionekana mifupa, nywele za kusuka, na kitenge alichozikwa nacho.

Verdiana akapiga magoti. “Ni yeye,” alilia. “Mwanangu yumo. Hakuchukuliwa na mtu.”

Wengine wakashukuru Mungu. Gelasius alisimama kando. Kama Romana alikuwa humu siku zote, basi aliyemwita kaka alikuwa nani? Na pale kwenye kamba alimkata nani?

Akashuka kaburini kuweka sawa kitenge kabla ya kufukia. Akakishika.

Kilikuwa kimelowa chepechepe.

Akakikamua kidogo, asiamini. Maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko, ya baridi.

“Gelasius,” mama aliita kutoka juu, “mbona umesimama? Mfunike mwenzio apumzike.”

Akapanda. Akachukua koleo. Akafukia.