Isale Juu ya Kibodi

Jua lilikuwa limekwisha kujificha nyuma ya majengo ya Moshi mjini, wakati Mzee Sifael alipoingia katika steshenari ya Herieth, akiwa na haja moja tu: kuchapisha karatasi tatu.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, ukoo ungekutana Masama, naye ndiye angesoma mbele ya wazee maandishi ya kukabidhi kihamba cha juu, shamba la migomba na kahawa la marehemu kaka yake, Eliaichi. Kaka alimwachia amtunzie binti yake wa pekee, Elinipendo, mpaka akue. Binti alikuwa amekua. Na Eliaichi alikuwa amelala mumo humo kihambani, kaburi lake limezungushiwa masale, mimea ya heshima ya Wachagga. Sifael, aliyejifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na miwili, aliyaandika maneno yale kwa vidole viwili, miezi minne, katika kompyuta ya nyumbani.

Ila flashi aliyoyatia ndani yake aliisahau mezani nyumbani.

"Shikamoo, babu. Lete flashi."

"Marahaba, mwanangu. Imebaki Masama. Lakini tutaingia nyumbani kutoka hapa hapa."

Herieth akacheka. "Babu! Wenzako wakisahau kitu hurudi kukichukua. Wewe unapita hewani kama wenye ungo?"

"Ungo wangu kaniundia Efraimu," akajibu kwa fahari.

Efraimu alikuwa mwanawe wa mwisho, fundi wa kompyuta hapo mjini. Ndiye aliyefunga ruta ukutani kule Masama na kumweleza baba yake taratibu, kama anavyoelezwa mtu anayependwa: "Hii ni mlinzi wa geti, Baba. Waliomo ndani huwaacha watoke. Walio nje hawaoni hata dirisha. Nimemwagiza aache mlango mmoja kwa ajili yako, na neno la siri tutalijua wawili tu." Sifael aliliandika kwa penseli nyuma ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani, akaliamini kama nyimbo zenyewe.

Herieth akaandika namba ya mlango ule, akaandika neno la siri ambalo mzee alimsomea kitabuni. Skrini ikatulia kidogo. Kisha kompyuta ya Masama ikajitokeza mbele yao, na pembeni picha ndogo ya kamera yake: kiti kitupu, ukingo wa kibodi, pazia la mke wake. Mke alikuwa Marangu kwa binti yao. Ufunguo wa nyumba ulikuwa mfukoni mwa Sifael.

Maandishi yake yalikuwa yamefunguliwa tayari.

Naye hakuwa ameyaacha wazi alipoondoka.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Usiguse, nisome."

"Sijagusa, babu." Herieth akainua mikono yote miwili.

Kishale kilikuwa kinatembea.

Kilikwenda hadi mwisho wa jina la Elinipendo, kikaanza kulila kutoka mkiani, herufi moja moja... mpaka pakabaki peupe. Kisha hapo peupe ikaota herufi mpya. Ikaota nyingine. Sifael alisoma kwa midomo, kama alivyosoma siku zote.

Efraimu.

"Tazama kona ya chini," Herieth akanong'ona. "Panasema wageni wawili. Mmoja ni sisi. Mwingine... fundi Efraimu."

Mzee akapiga simu. Mwanawe akapokea mara moja.

"Shikamoo, Baba! Niko mazoezi ya kwaya, nitakupigia."

Hapakuwa na wimbo. Palikuwa na tak... tak... tak. Na kwa kila tak iliyosikika simuni, herufi moja iliongezeka kwenye skrini.

"Efraimu. Ni kwaya gani hiyo inayoimba kwa vidole?"

Tak ikakoma.

"Baba... msichana ataolewa. Kihamba cha babu kitakwenda kwa watu."

"Kesho ningesoma mbele ya ukoo mzima."

"Ndiyo. Ungesoma kilichoandikwa. Na ukishasoma mbele za watu, nakujua, Baba, ungeona haya kusema umekosea kusoma."

Sifael aliibana simu sikioni. Alikuwa ameibiwa kahawa, aliwahi kuibiwa ng'ombe. Lakini hakuna aliyewahi kuingia ndani yake, akachagua kidonda chenyewe, akakifanya ngazi.

Kona ya skrini ikabadilika: mgeni mmoja. Efraimu alikuwa ametoka, ingawa simu ilikuwa bado hewani.

Hapo ndipo harufu ilipoingia dukani. Udongo mbichi. Mgomba uliokatwa sasa hivi.

"Babu," Herieth akasema. "Kamera."

Kiti kilikuwa kitupu vilevile. Lakini vitufe vya ukingoni mwa kibodi vilikuwa vinazama. Kimoja. Kingine. Polepole, kama vinavyobonyezwa na mtu asiyezoea.

Jina la Efraimu likafutika.

"Ni mwanao amerudi?"

"Wewe unaona kona. Wageni wangapi?"

"Mmoja tu. Sisi. Huyu hakupita mlangoni, babu."

Basi yuko ndani, Sifael akawaza.

Jina la Elinipendo likarudi mahali pake. Chini yake yakajipanga maneno machache, nayo Sifael aliyasoma bila kutikisa midomo, kwa mara ya kwanza maishani mwake:

Sifa, mlango huu unafika na kwa mwanao?

Mtu mmoja tu duniani alimwita Sifa. Naye Sifael alimzika kwa mikono yake mwenyewe, kule kihambani.

"Baba?" Efraimu akaita simuni. "Kamera yangu imewaka yenyewe. Ni wewe unayeingia? Baba, mbona kunanuka udo..."

Simu ikakatika. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi tatu.

Sifael akazitwaa, akapanda bodaboda hadi Masama. Getini alimkuta jirani yake, Mathayo, ameshika tochi.

"Umerudi gizani, mzee. Umeme umekatika tangu saa nane mchana."

"Saa nane?"

"Saa nane kamili. Nilikuwa nakatia ng'ombe majani kwa mashine."

Kufuli ilikuwa nzima. Sifael akafungua, akamulika kwa simu. Kompyuta ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Juu ya kibodi palikuwa na alama za udongo mwekundu, zilizokolea zaidi kwenye vitufe saba. Akazihesabu herufi kwa kidole bila kuzigusa. Zilikuwa zile za jina la Elinipendo, bila kupungua wala kuzidi.

Na juu ya kibodi, jani la isale, bichi, limefungwa fundo.

Sifael akasogeza mwanga karibu. Mchagga hahitaji kuambiwa. Aliyekukosea akikuletea isale, hukatai. Ukishalishika umesamehe, na neno lile halifufuliwi tena, hata na watoto wako. Machozi yakamtoka mzee. Kumbe mwanawe alikuwa na ufunguo mwingine. Kumbe ametubu, akawahi kupanda mlimani kabla yake, akaona aibu kusubiri.

Akalitwaa jani kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe," akasema kwa sauti. "Yamekwisha."

Simu ikaita. Alikuwa Brenda, mke wa Efraimu, akihema.

"Baba, Efraimu yuko huko?"

"Alikuwa hapa, mwanangu. Ameondoka sasa hivi."

"Hapana, Baba... Alikuwa chumbani tangu jioni, nami nimekaa sebuleni. Hakutoka. Tumevunja mlango, alikuwa ameukomea kwa ndani. Kompyuta inawaka. Kiti chake bado kina joto. Hayupo, Baba. Mezani kuna udongo tu."

Sifael akalitazama jani.

Isale huletwa na mkosaji. Na Efraimu hakuwa amefika. Aliyelileta ni yule aliyemchukua.

Alitaka kulirudisha pale alipolitoa. Alitaka kulitupa nje, gizani, upande wa kihamba cha juu.

Lakini alikuwa amekwisha kulishika.