Maranda ya Marehemu

Uchafu ulianza na harufu. Torleiv alikuwa amelaza kisu cha randa ya zamani ya kulainishia mbao ndani ya siki ili kutu ilegee, lakini asubuhi alipofungua karakana hakunusa siki. Alinusa shahamu iliyochacha, nzito, ya kumkaba mtu koo.

Randa yenyewe ilitoka kwa fundi majeneza wa bonde lile, aliyekufa bila mrithi. Torleiv aliitaka kwa kazi moja tu: kitanda cha kubembea cha mjukuu wake wa kwanza, kwani binti yake Ragnfrid alikuwa karibu kujifungua. Siku moja kabla, alipogonga kabari inayobana kisu na kuitoa, alikuta kipande cha maranda kimekwama mdomoni mwa randa, cheusi, kimegandamana na mafuta na nywele za mvi. Alikishika kwa ncha za vidole, akakitupa ndani ya jiko la kuni. Torleiv ni mtu msafi kupita kiasi, hata misumari huipangusa.

Akapiga msasa, akapaka mafuta ya kitani, akanoa kisu hadi kikanyoa malaika ya mkono wake. Mbao zikalainika vizuri mpaka akafika ubao wa mwisho, msonobari mkavu kabisa, na hapo maranda yakaanza kutoka laini, yenye unyevu, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, yakamnata vidoleni, na alipoyapangusa kwenye aproni yakaacha ute wa njano, na ndani ya ute mlikuwa na mvi, na ile harufu ikampanda puani hadi akakimbilia nje akatapika kwenye theluji.

Mkewe Gunnvor alimwona kutoka dirishani. Alikwenda kumwita Borghild, bibi ambaye bonde zima humtafuta mtu akipagawa, kisha Jumapili kanisani hujifanya halimjui.

Borghild aliinusa randa, akaziba pua kwa shali.

"Ulikuta nini mdomoni mwake?"

"Takataka tu, mama. Nikachoma."

"Wewe mtoto wa bonde hili unachoma maranda ya jeneza?" alinong'ona. "Mwenye jeneza alikuwa alalie nini?"

Torleiv akainamisha kichwa. Alijua, kama walivyojua wote, kwamba maranda ya jeneza hukusanywa yote yakawekwa chini ya kichwa cha maiti, na hakuna hata moja linalobaki juu ya ardhi.

"Sasa anatafuta pa kuweka kichwa," Borghild akasema. "Randa, maranda, na kila ubao uliopitiwa na randa hii, vyote vikazikwe makaburini."

"Na kitanda cha mtoto?"

"Kila ubao, nimesema. Usinichoshe."

Torleiv alikwenda makaburini peke yake, akawasha moto kwanza ili ardhi iliyoganda ilainike, akazika randa na maranda. Kitanda kilimshinda. Alikuwa amekichonga maua pembeni kwa mkono wake, na moyo ukakataa. Akajiambia kwamba ubao mchafu ni ule mmoja tu, akaubadilisha, akakiunga kitanda na kukificha darini, na nyumbani akasema amekizika.

Harufu ikaisha. Mtoto wa kike akazaliwa, wakamwita Sunniva, na Torleiv akakishusha kitanda chake kwa madaha.

"Si ulisema umekizika?" Gunnvor akamuuliza kwa sauti ya chini, uso umemkunjamana kwa kinyaa.

"Nimekisafisha. Kinuse mwenyewe."

Gunnvor alikinusa, kikanukia mafuta ya kitani tu. Ragnfrid, asiyeambiwa lolote, akamlaza mwanawe na kwenda jikoni kukoroga uji.

Aliporudi, Sunniva alikuwa amelala fofofo, lakini amesogezwa hadi ukingoni, amebanwa kwenye ubao, jinsi mtu anavyosukumwa na mwenzake anayetaka nafasi kitandani. Shavu lake liling'aa kwa shahamu. Upande wa pili maranda mabichi yalikuwa yamepangwa vizuri kuwa mto, na katikati yake palikuwa na mbonyeo wa kichwa cha mtu mzima. Ragnfrid alitia mkono kumchukua mwanawe, vidole vikagusa ndani ya ule mbonyeo. Palikuwa bado pana joto.