Lenzi ya Juu Haifumbi Jicho

"Hilo debe lipeleke makumbusho," Efraimu alisema, akisugua viganja. "Piga kwa simu tumalize, baridi hii inaua."

Magdalena, mchumba wake, alirudi hatua moja. Kamera ya filamu ya marehemu baba yake ilining'inia tumboni, lenzi mbili zimepandana: ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia. Aliinamia kioo cha kutazamia kilicho juu yake kama anayechambua mchele.

"Simu yako inapiga mia unafuta tisini. Hii ina picha kumi na mbili tu. Nyooka!"

"Mwache," Angel, rafiki wa Magdalena na msimamizi wake wa harusi, akadakia. "Huyu angeolewa na kamera."

Kesho Jumapili tangazo la tatu la ndoa lingesomwa usharikani. Wiki mbili tu, harusi. Mama yake Magdalena alikaa kwenye kiti, Efraimu na Angel wamesimama nyuma yake, ukungu wa Meru umemeza migomba.

"Moja, mbili..."

Kuku akapita. Mama akainama kumfukuza. Magdalena akabonyeza.

Kamera kubwa nyingi hufumba jicho, kioo kikaingia giza, wakati uleule wa kupiga. Ya baba haifumbi. Pale ulipokuwa mgongo wa mama, aliona vidole vya Efraimu vimefumana na vya Angel, gumba likipapasa taratibu, kwa mazoea.

Mama akanyooka. Vikafichika.

"Mama, nenda jikoni ukaote moto."

Mama alipoingia, Magdalena akainua uso.

"Mmeanza lini?"

"Kuanza nini?"

"Kushikana."

"Mage, si ulikuwa unaangalia chini!"

Angel akafumba macho. "Efra, nyamaza."

"Miaka mitatu nakueleza kamera hii," Magdalena alisema. "Nikiinama ndiyo naona. Watu hujisahau, hudhani sipo. Hukunisikiliza hata siku moja."

"Basi ifute hiyo picha, tuongee."

"Filamu haifutwi."

"Ni tangu Pasaka," Angel akanong'ona. "Nilitaka kukwambia."

"Ulitaka. Ukaja kupima gauni na mimi."

Simu ya Magdalena ikatetemeka. Ujumbe wa mwinjilisti: "Bwana asifiwe Magdalena. Kesho tangazo la mwisho. Wewe na mwenzio msichelewe."

Akapiga palepale.

"Shikamoo, mwinjilisti."

"Marahaba, binti. Umeuona ujumbe?"

"Nimeuona. Mlitangaza mwenye pingamizi ajitokeze."

"Ndiyo. Kwani nani ana pingamizi?"

"Mimi."

Sauti ya mzee ikashuka chini kabisa: "Pole, mwanangu. Nitamwambia mchungaji."

Efraimu akapiga magoti kwenye majani mabichi. "Mage, nakuomba. Wazazi wangu nitawaambia nini?"

"Simama, utachafua suruali."

Akazungusha filamu hadi namba kumi na mbili.

"Imebaki moja. Niliitunza kwa ajili yetu, mlangoni mwa kanisa. Sogeleaneni."

Hawakusogea. Walisimama mbalimbali, kila mmoja akitazama viatu vyake. Magdalena akainama. Chozi likadondoka juu ya kioo, likatua juu ya uso wa Efraimu ulioonekana humo.

Akabonyeza. Hata hapo, lenzi ya juu haikumsitiri Magdalena asiwaone.