Maoni ya Wavinya

Apa kwanza hutamwambia mtu, maana hata mimi niliapa, na ona sasa huu mdomo wangu.

Rafiki yangu Nthenya wa Kikima alimzika binti yake Wavinya mwezi wa nne. Wavinya ndiye alianzisha kikundi cha simu cha akina mama wanaopenda drama za Kikorea. Sheria yao ilikuwa moja: asiyetoa maoni anaondolewa. Nthenya hakuweza kuona jina la mtoto likitolewa. Basi alijificha jikoni na simu ya marehemu, akaandika kwa jina lake. Drama ilikuwa ya msichana aliyependa mzimu, na kila mara aliandika, "Asimwache." Akina mama wakisoma, wanaogopa: marehemu anaandika!

Jumapili baada ya kanisa walikuja kutazama kwake. Mvua ikapiga mabati, stima ikapotea, nyumba ikawa giza. Mara simu zao zote zikalia pamoja: "Asimwache." Nduku, jirani yake, akafuata mwanga wa simu mpaka jikoni.

"Kumbe ni wewe, Mama Wavinya! Unatutishia nini na maiti?"

"Msimtoe," Nthenya akalia. "Mkimtoa ndio atakuwa amekufa kabisa."

Nduku akamnyang'anya simu, akaizima, akaiinua wote waone mwizi ameshikwa.

Simu zao zikalia tena. Sasa ilikuwa sauti, ya Wavinya mwenyewe, na kile kikohozi chake cha siku zote.

"Mimi naona amwache aende, mama."

Mkononi mwa Nduku, ile simu ilikuwa bado imezimwa.